Kitabu Kilichofikiwa

Usiitafute Jamhuri ya Usifuni kwenye ramani, haimo. Na kama katikati ya habari hizi utahisi kwamba umewahi kupanga foleni kwenye dirisha mojawapo la huko, hilo ni joto la siku tu. Hapa yanasimuliwa yaliyompata mwalimu mmoja, basi.

Mwalimu huyo aliitwa Helmina Kasuvi. Alifundisha sayansi katika Shule ya Sekondari Kiravuni, shule ya serikali yenye madarasa tisa na choo kimoja kilichozinduliwa mara mbili. Katika Kidato cha Pili alikuwa na wanafunzi kumi na wanne wasioona. Vitabu vya sayansi vya serikali viliadimika nchi nzima tangu ule mwaka uliotangazwa kuwa Mwaka wa Vitabu, kwa hiyo Helmina akaandika chake. Kilimchukua miaka mitatu, likizo baada ya likizo. Alipokimaliza alikiweka mtandaoni bure, na kwenye ukurasa wa kwanza akaandika: “Kitabu hiki ni huria. Soma, nakili, rekebisha, mpe mwenzako. Usiombe ruhusa.”

Hayo maneno mawili ya mwisho yalikuwa hayajawahi kuchapishwa Usifuni.

Mwaka uleule Mtukufu Rais alirudi kutoka kwenye mkutano wa ng’ambo akiwa na mafua na neno jipya. Neno lilikuwa “ufikivu”. Kabla mafua hayajaisha kulikuwa na Wiki ya Ufikivu, kitenge cha Ufikivu na kwaya ya Ufikivu, na ikatoka Amri Namba 41: hakuna kitabu huria kitakachotumiwa na mwanafunzi mwenye ulemavu kabla hakijakaguliwa kama anaweza kukitumia, na kupewa cheti. Amri yenyewe ilikuwa njema. Wananchi wote waliohojiwa walisema hivyo, na waliosema vingine hawakupatikana kuhojiwa.

Barua ilimfikia Helmina siku ishirini na moja kabla ya mtihani wa taifa. Ilisema kitabu chake hakina cheti. Akiendelea kukitumia bila cheti, au akitumia nakala tofauti na yenye cheti, kitafungwa kwa lakiri na yeye atatakiwa “kutoa maelezo akiwa ameketi”. Usifuni kila mtu alijua maana ya kuketi. Mwalimu wa jiografia aliitwa kuketi mwaka juzi, na kiti chake chumba cha walimu kilikuwa bado kitupu.

Alikunja barua akaitia kwenye pochi. Kilichomkaa rohoni zaidi ni ule mtihani. Asiyefaulu mtihani wa Kidato cha Pili alirudishwa nyumbani. Anayeona aliruhusiwa kurudia. Asiyeona hakuruhusiwa, ili asisumbuliwe mara mbili. Serikali ya Usifuni ilikuwa na huruma sana.

*

Kumpata mkaguzi kulimchukua siku mbili. Wizara ya Elimu ilimwambia ufikivu ni mambo ya barabara, aende Ujenzi. Ujenzi wakamwambia hilo neno ni la Kiswahili fasaha, aende Utamaduni. Utamaduni walikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Mwishowe muuza karanga aliyekaa nje ya jengo kubwa la kijivu ndiye aliyemwonyesha kwa kidole.

“Ukaguzi wa ufikivu? Ghorofa ya sita, mama. Lifti ipo. Imekaguliwa.”

“Inafanya kazi?”

“Nimesema imekaguliwa.”

Alipanda ngazi. Ghorofa ya sita palikuwa na mlango mwembamba wenye kizingiti cha kufika magotini, na juu yake kibao: OFISI HII INAFIKIKA, KARIBU. Ndani alikuwamo mpokeaji wageni, Bi Perusi, akijipepea na jalada la mtu.

“Naomba orodha ya wakaguzi mnaowatambua,” Helmina alisema.

“Orodha ni siri, dada.”

“Siri?”

“Wakaguzi wakijulikana watatafutwa. Wakitafutwa, watakosa muda wa kukagua.”

“Sasa mtu anampataje mkaguzi?”

“Hampati. Anapatiwa.” Bi Perusi alifungua daftari. “Nikuandike? Utakuwa namba elfu tatu mia moja na kumi na mbili. Tunakagua vitabu viwili kwa mwezi.” Alimtazama Helmina usoni, akakadiria umri wake, akasikitika kwa dhati. “Utakuwa umeshastaafu.”

“Mtihani ni baada ya siku kumi na tisa, dada yangu.”

Sauti ya Helmina ilipanda bila yeye kutaka, na mlango wa ndani ukafunguka. Alitoka mwanamume mrefu mwenye suti ya vipande vitatu, Daktari Gervasi Matundura, Msajili Mkuu wa Ufikivu. Udaktari wake haukuwa wa kutibu, na wa kitu gani hasa haikuandikwa popote.

“Mwalimu,” alisema, akitazama juu ya kichwa cha Helmina kana kwamba nyuma yake kulikuwa na uwanja umejaa watu, “nchi nyingine hukagua. Usifuni huthibitisha. Nchi nyingine humwuliza mlemavu anataka nini. Usifuni ilikwishajua kabla hajazaliwa.”

“Ndiyo, Daktari. Nilitaka tu kujua kama mkaguzi wenu ni mtu asiyeona, ili anieleze kitabu changu kina—”

“Asiyeona?” Dkt. Matundura alishtuka kama aliyeguswa na kitu cha baridi. “Mgongano wa maslahi! Mtu asiyeona atataka kitabu kisomeke na wasioona. Huo ni upendeleo. Hapa tuna wataalamu. Bwana Tarimbo!”

Pembeni ya dirisha aliinuka mtu mwembamba aliyekuwa akisoma gazeti. Kwenye paji la uso alikuwa na kitambaa cheusi chenye nembo ya taifa, kimepandishwa juu kwa sababu ilikuwa saa ya chakula. Huyo alikuwa Hamduni Tarimbo, Mkaguzi Kipofu wa Serikali, Daraja la Pili. Aliapishwa mbele ya hakimu kwamba kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, siku za kazi, haoni. Aliinamisha kichwa kwa adabu kumsalimu Helmina, akamwona vizuri kabisa, akarudi kwenye gazeti.

Huenda habari ingeishia kwenye ile namba elfu tatu na ushee, lakini macho ya Dkt. Matundura yalitua kwenye nakala ya kitabu aliyoishika Helmina. Jalada lilikuwa na jani la kijani lenye umande.

“Hii rangi,” alisema taratibu, “ndiyo ya sare ya Mheshimiwa Waziri.”

Baada ya siku tisa ingekuwa Siku ya Ufikivu Kitaifa, na hafla ilihitaji kitabu. Wakachukua nakala, wakaigonga mihuri minne, wakamwambia aje siku hiyo uwanjani akiwa amevaa nadhifu.

Helmina alishuka ngazi bila kujua kama ameokoka au amenaswa.

*

Kwenye kona ya ghorofa ya nne alikutana na mzee anayepanda kwa fimbo nyeupe. Mzee alisimama.

“Wewe ndiwe mwalimu wa kitabu cha kijani,” alisema.

“Umejuaje?”

“Ngazi hizi zinabeba sauti, na Matundura haongei, anahutubia. Naitwa Nuhu Selengia. Nilikuwa opereta wa simu wa jengo hili miaka ishirini na miwili. Idara ya Ufikivu ilipoanzishwa nikaachishwa kazi. Walisema asiyeona ndani ya Idara atawatia wenzake wasiwasi. Kila wiki nakuja kuuliza barua yangu ya rufaa.” Aliegemea ukuta. “Cheti utakipata, hicho kisikuumize kichwa. Nakuuliza kitabu. Kinasomeka?”

“Kinasomeka, mzee. Kiko mtandaoni, na simu inakisoma kwa sauti.”

“Kuna asiyeona aliyekisikiliza peke yake, bila wewe pembeni?”

Helmina alijaribu kukumbuka. Darasani alikuwa akikisoma mwenyewe, akieleza, akishika mikono ya wanafunzi na kuchora viganjani mwao. Hakuwahi kuwaacha peke yao nacho.

Mzee Nuhu alitoa simu yake, akamwomba jina la kitabu, akakipata. Sauti ya mashine ikaanza kusoma upesi upesi pale ngazini. Sura ya Nne. Mzunguko wa Damu. Tazama mchoro hapa chini. Kisha ikasema: “Picha.” Ikaendelea: “Kama unavyoona, damu huingia upande huu na kutoka upande ule. Picha. Linganisha na hii. Picha.”

“Moyo uko wapi, mwalimu?” Mzee Nuhu aliuliza.

“Uko... uko kwenye picha.”

“Sura hii moja ina mashimo kumi na tisa. Nimetumbukia katika yote.”

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomuumiza. Miaka mitatu yote alijisifu moyoni kwamba amewaandikia wale watoto kitabu. Kumbe amewaandikia wengine, kisha wao akawakaribisha mlangoni na kuwaacha hapohapo.

“Nisaidie, mzee,” alisema. “Sina cha kukupa.”

“Nipe kazi. Nimekaa miezi kumi na moja bila kazi.”

*

Kwa siku nane, kila alasiri baada ya masomo, walikaa kwenye stoo ya shule katikati ya madawati mabovu. Kitabu kizima kilikuwa na picha sitini na moja. Helmina aliandika maelezo ya kila picha, simu ikayasoma, Mzee Nuhu akayakataa.

“Umeandika ‘mshale mwekundu unaonyesha damu safi’. Nyekundu ndiyo nini kwangu? Mshale umetoka wapi, umeenda wapi?”

“Umetoka kwenye mapafu, umeingia chumba cha juu kushoto.”

“Basi sema hivyo. Mbona unajua?”

Majedwali aliyoyaweka kama picha aliyaandika upya kwa maneno. Pale alipoandika “kama unavyoona” alifuta, na kila alipofuta uso ulimchoma. Siku ya tano walimwita mwanafunzi mmoja, Tunu Lekasio, msichana mwenye ulimi mwepesi ambaye baba yake alishampangia kazi ya kumenya vitunguu kwa shangazi endapo mtihani ungemshinda. Wakamwachia simu, wao wakatoka nje kabisa.

Aliposikiliza maelezo ya moyo, Tunu aliwaita kwa sauti kubwa. “Mwalimu! Kwa nini hukutuambia kuta za kushoto ni nene kuliko za kulia?”

“Nilisema darasani, Tunu.”

“Ulisema ‘mnene huu hapa’. Huu upi?”

Helmina aliketi juu ya dawati bovu. Nje alimsikia Mzee Nuhu akicheka peke yake.

Siku ya nane jioni walimaliza. Ilikuwa mara ya kwanza mzee kusikiliza sura nzima bila kusema kitu. Mwishoni alikohoa kidogo, akasema, “Hiki sasa ni kitabu.”

*

Siku ya Ufikivu Kitaifa uwanja ulifurika watumishi wa serikali walioagizwa kufurahi. Wasioona walitengewa jukwaa lenye mandhari nzuri. Mheshimiwa Waziri alihutubia kwa saa moja na robo. Alisema zamani elimu ilikuwa mbali, ikasogea, na sasa imekaribia kiasi kwamba wananchi wengine wameipita bila kujua.

Kisha ukafika wakati wa ukaguzi. Kitabu chenye jani la kijani kiliwekwa juu ya meza katikati ya uwanja. Bwana Hamduni Tarimbo aliteremsha kitambaa chake cheusi, akazungushwa mara tatu, akaachiwa. Helmina alikuwa mstari wa mbele, mikono yake imebana pochi. Alidhani mkaguzi angepewa simu asikilize kitabu. Badala yake Tarimbo alianza kutembea, mikono mbele, huku kwaya ikiimba kwa sauti ya chini. Alipotea kidogo upande wa mabalozi. Akarudi. Akagonga kona ya meza, akapapasa, akashika kitabu, akakiinua juu.

“Nimekifikia!” alitangaza.

“Kinafikika!” Dkt. Matundura alidakia kwenye kipaza sauti, na mizinga ikapigwa.

Hapo Helmina alielewa kwamba katika Idara nzima hakuna mtu aliyewahi kufungua kitabu.

Cheti alikabidhiwa na Waziri mwenyewe. Kilikuwa kizuri, na chini kilikuwa na mistari miwili ya nukta nundu kwa ajili ya wasioona. Baadaye Mzee Nuhu alipitisha kidole chake hapo mara tatu, akauliza maandishi yako wapi. Zilikuwa nukta za wino. Karatasi ilikuwa laini kama sahani.

Lakini kabla hajaondoka uwanjani Helmina alimfuata Dkt. Matundura. Alijiona mwerevu kwa kuwa mkweli.

“Daktari, asante sana. Nilitaka kukujulisha kwamba nakala mliyo nayo ni ya zamani. Nimeshakirekebisha. Nimeeleza picha zote.”

Tabasamu la Daktari lilibaki pale pale, macho ndiyo yaliyoondoka. “Umekibadilisha?”

“Nimekiboresha. Ile ya zamani wasioona hawaielewi.”

“Mwalimu. Mheshimiwa ameshika kile. Mizinga imepigwa kwa ajili ya kile.” Alishusha sauti, na kwa mara ya kwanza aliongea kama mtu anayezungumza na mtu mmoja. “Hicho kingine si kitabu, ni ghushi ya kitabu cha serikali. Ukitaka kikaguliwe, Bi Perusi atakupa namba. Nakala kumi na nne zenye cheti zitaletwa shuleni kwako kesho ndani ya sanduku lenye lakiri. Wanafunzi wako watasoma hizo. Sijasikia uliyosema. Usinifanye nisikie mara ya pili.”

*

Sanduku lilikuja asubuhi yake. Ndani yake, Helmina alijua bila kulifungua, mlikuwa na vitabu kumi na vinne vya karatasi, vyenye picha sitini na moja nzuri sana.

Zilibaki siku tisa. Alizunguka lile sanduku stoo kwa muda mrefu. Aliwaza kile kiti kitupu cha mwalimu wa jiografia. Aliwaza mama yake mzazi, aliyekuwa akimtegemea kwa dawa za presha. Angeweza kulifungua, akagawa vitabu, akasaini, akalala usingizi wake. Mtihani ukiwashinda, angekuwa na cheti chenye saini ya Waziri. Hakuna ambaye angemlaumu. Hilo hasa ndilo lililomtisha.

Alimpigia Mzee Nuhu. “Wewe ungefanyaje?”

“Mimi sina kazi ya kupoteza, mwalimu, usiniulize mimi,” mzee alijibu. “Ila nikwambie kitu kabla hujaamua. Ulipoandika pale mwanzo kwamba mtu anakili na ampe mwenzake, ulikuwa unatania?”

“Hapana.”

“Vizuri. Nilidhani hutanii.” Akakata simu.

Mchana huo Helmina aliingia darasani, akafunga mlango, akawaambia wanafunzi wake ukweli wote: kwamba kuna kitabu kilichoruhusiwa wasichoweza kukisoma, na kuna wanachoweza kukisoma kisichoruhusiwa. Akawaambia anayeogopa asione haya. Darasa la jirani mwalimu alikuwa akifuta ubao. Kisha Tunu akasema, “Mwalimu, ninyi mnaoona mna maneno mengi. Weka kwenye simu tuanze.”

Simu zilikuwa sita kwa wanafunzi kumi na wanne. Walikaa wawili wawili, watatu watatu, wakigawana hedifoni, sikio moja moja.

*

Siku tatu kabla ya mtihani gari la Idara liliingia shuleni bila taarifa. Lilimleta Bwana Tarimbo, kitambaa kikiwa machoni, na karani kijana wa Idara aliyebeba fomu ya Matumizi Sahihi ya Zana Zilizofikiwa. Helmina alikuwa mbele ya darasa. Hakupata hata nafasi ya kukohoa.

“Endeleeni, endeleeni,” karani alisema, akiingia. Akatazama madawati. Hakuna kitabu hata kimoja. “Wanasoma nini hawa?”

Wanafunzi waligeuza masikio upande wa sauti yake.

“Mkaguzi, tafadhali kagua.”

Tarimbo alitembea mikono mbele mpaka dawati la kwanza. Vidole vyake vikagusa bega la Tunu, vikafuata waya, vikakuta hedifoni. “Naweza?” aliuliza. Tunu alimtazama kwa namna yake, yaani aligeuza sikio, kisha akampa.

Mkaguzi Kipofu wa Serikali akatia hedifoni sikioni na kusimama pale. Helmina alijua wamefika wapi. Ilikuwa Sura ya Nne. Alijua kila neno: *Kunja ngumi yako ya kulia uiweke katikati ya kifua, ikilalia kushoto kidogo. Moyo una ukubwa huo. Ndani yake mna vyumba vinne, viwili juu, viwili chini, na kati ya cha juu na cha chini kuna mlango unaofunguka upande mmoja tu.* Aliutazama mkono wa kulia wa yule mtu. Mkono ulijikunja. Ukapanda polepole mpaka kifuani, ukatulia.

Dakika ilipita. Karani alibonyeza kalamu yake, taka, taka, taka.

“Mkaguzi? Ni ile nakala yenye cheti?”

Tarimbo alitoa hedifoni. Tarimbo angejua, mtoto yeyote angejua: kitabu alichokiinua uwanjani hakikuwa na sauti.

“Sasa ni saa ngapi?” Tarimbo aliuliza.

“Saa tano na nusu.”

“Basi niko kazini. Kwa mujibu wa kiapo changu, sioni.”

“Sikuulizi kama unaona, nakuuliza—”

“Andika, kijana: Mkaguzi hakuona kasoro yoyote.” Alimrudishia Tunu hedifoni. “Ndivyo fomu inavyosema, sivyo? Ameona au hakuona. Hakuona. Piga muhuri.”

Karani akapiga muhuri. Mlangoni, karani akiwa ametangulia, Tarimbo alisimama ubavuni mwa Helmina.

“Mama yangu haoni,” alisema kwa sauti ya chini sana. “Mwaka wa pili sasa. Namwekea redio asubuhi, naondoka kuja kazini.” Aligeuza kichwa kuelekea madawati. “Hizo simu zinasoma hivyo kila kitu?”

“Kikiandikwa vizuri, ndiyo.”

Alipapasa kizingiti kwa mguu, akavuka, akaenda.

*

Asubuhi ya mtihani Dkt. Matundura alikuja mwenyewe. Alikuja kupigwa picha na wanafunzi walionufaika, na mpiga picha alitaka vitabu vya kijani vionekane mikononi. Wakaenda stoo. Sanduku lilikuwa pale pale, lakiri nzima, vumbi la siku tisa juu yake.

Daktari aliigusa lakiri. Akamwagiza mpiga picha atoke. Kupitia ukuta zilisikika sauti za wasimamizi wakiwapanga wanafunzi, mbele ya kila mmoja mashine yake ya kuandikia nukta nundu.

“Wamesoma nini?” aliuliza.

Helmina alikuwa na fomu yenye muhuri kwenye pochi, isemayo hakuna kasoro. Angeitoa, maswali yangehamia kwa Tarimbo. Aliiacha ilipo.

“Wamesoma kitabu changu.”

“Kile ghushi.”

“Kile kinachosomeka.”

Daktari alifungua mlango, akaashiria watu wawili waliokuwa wamesimama kando ya gari. Walikuja bila haraka. Walimwomba Helmina awafuate, na mmoja hata akamfungulia mlango wa nyuma. Dkt. Matundura aliketi mbele, akatoa daftari dogo.

“Tuanze na rahisi,” alisema bila kugeuka. “Nani mwingine anacho?”

Juzi yake Mzee Nuhu alikuwa amempigia, akiwa na furaha kama mtu aliyerudishwa kazini. Mwalimu mmoja wa Bukoroni alimwomba kitabu, akampa. Huyo akampa mwingine. Kuna mtu wa pwani ya kaskazini ambaye hata hawamjui ameongeza maelezo ya picha tatu aliyoona hayatoshi, na ni kweli yalikuwa hayatoshi.

“Sijui, Daktari.”

“Wangapi?”

“Sijui. Ni kitabu huria.”

Kalamu yake ilisimama juu ya karatasi, haikuwa na cha kuandika. Kwa mbele dereva aliwasha gari, likagoma. Akawasha tena, likagoma tena. Katika ule utulivu uliofuata, kengele ya kuanza mtihani ililia. Helmina alihesabu moyoni: wanagawiwa karatasi, wanapapasa, wanasoma swali la kwanza. Kimya. Kimya kikaendelea mpaka akafumba macho. Kama hawakuelewa, basi haya yote yalikuwa bure.

Mashine moja ikagonga. Ikagonga tena. Ya pili ikafuata, ya tatu, kisha zote kumi na nne zikaachiliwa kwa pamoja, tata-tata-tata, kama mvua inayoangukia bati.

Dkt. Matundura aligeuza kichwa upande wa darasa, uso umekunjamana.

“Kelele gani hizo?”

“Wanajibu,” alisema Helmina.